Bei ya Hatua Moja

Kibao kilikuwa kipya kiasi kwamba rangi yake bado ilinuka. "Mpima Ardhi wa Kujitegemea," kilisema, na chini ya maneno hayo mshale mwekundu ulionyesha ngazi nyembamba iliyopanda pembeni mwa duka la dawa. Mshauri alisimama mbele yake mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo, kwa heshima ile ambayo watu wengine huiwekea bendera.

Si neno "ardhi" lililomsimamisha, wala neno "mpima". Ni lile la mwisho. Kwa uzoefu wake, mtu anayejitegemea ni mtu ambaye bado hajapata wa kumtegemea, na Mshauri alikuwa na moyo laini kwa watu wa namna hiyo.

Jina la Mshauri alipewa na watu wa mjini, si na mzazi. Hakuna aliyekumbuka kuwahi kumwomba ushauri, lakini wengi walikumbuka kuupata. Aliwahi kumshauri mtu anunue gari lisilo na injini, kwa hoja kwamba lingedumu sana, na mtu apewe haki yake: gari lile linadumu hadi leo, palepale liliposhushwa. Siku hizi hata hivyo mambo yalikuwa yamemkalia vibaya. Mke wake alikuwa na saluni pembeni mwa nyumba yao, na saluni hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba, ikimlisha na Mshauri ndani yake. Sasa paa lake lilivuja. Mvua ya juzi ilimdondokea mteja aliyekuwa ametoka kukaushwa nywele wakati huohuo, na mke wa Mshauri, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema machache.

"Mume wangu, ulete pesa ya paa au ukalale kwa mama yako."

Kwa hiyo Mshauri alipanda ngazi.

Chumba cha juu kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha. Mashine ya kupimia ilikuwa ndani ya sanduku lake la njano, na miguu yake mitatu imeegemezwa ukutani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Nyuma ya meza alikaa mwanamke mwenye sauti ya chini na miwani iliyoteleza puani, akichonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka. Ukutani palikuwa na karatasi ya bei. Kila bei ilikuwa imefutwa kwa mstari, ikaandikwa nyingine ndogo zaidi, nayo ikafutwa.

"Karibu, kaka," alisema. "Una kiwanja?"

"Nina macho, dada yangu, kiwanja kitafuata. Hiyo karatasi ukutani imepigana na nani?"

Mpimaji alicheka bila kupenda. "Ni bei zangu. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye ofisi ya mtu. Kule bei ilitajwa na bosi, mlango umefungwa, mimi nikawa napima tu. Sasa mteja akiniuliza, nataja, halafu..."

"Halafu unapunguza."

"Umejuaje?"

"Kabla hata hajasema kitu."

"Juzi mmoja alikohoa tu," mpimaji alikiri. "Nikampunguzia robo. Kumbe alikuwa na mafua."

Mshauri alivuta kiti akakaa kwa utulivu wa daktari aliyekwisha kuujua ugonjwa. "Nitajie bei ya kupima kiwanja cha kawaida. Mimi ndiye mteja."

Mpimaji akaitaja. Mshauri akamtazama, akanyamaza.

Mpimaji alisogeza penseli. "Ila tunaweza kuongea," alisema. Mshauri hakupepesa macho. "Tena kama uko mbali, usafiri nitalipa mimi." Kimya. "Na ramani nitakuchorea mbili kwa bei ya moja. Unywe chai kidogo?"

Mshauri akainua kiganja. "Umejiona? Sijafungua mdomo, na tayari unanilipa ili nikupe kazi. Dada, sikia somo la kwanza, nalo ni bure. Ukishataja bei, funga mdomo."

"Hadi lini?"

"Hadi mwenzako aongee. Atakayeongea kwanza ndiye atakayelipa."

Mpimaji alilitafakari jambo hilo kama vile lilikuwa fomula, akaitikia kwa kichwa. Mshauri akaona udongo ni laini na jembe linaingia.

"Somo la pili ndilo lenye nyama," akaendelea. "Watu hawalipii kupimwa. Nani atoe pesa yake kuambiwa alichonacho ni kilekile? Watu wanalipia kuongezewa. Kwa hiyo wewe usitoze kupima. Toza kila hatua ya ardhi utakayompatia mtu. Hatua moja, bei yake, na iwe nono. Asipopata kitu, halipi kitu."

"Mimi sipati ardhi, kaka. Naikuta tu."

"Ikute basi!"

"Na aliyepungukiwa?"

"Mtu mwenye huzuni hatozwi. Huo ndio utu."

Mpimaji alivua miwani akaifuta. "Nikilipwa kwa habari njema peke yake, si nitakuwa kama shahidi aliyenunuliwa?"

"Wewe ulisomea hesabu, falsafa waachie wenyewe. Mtaa wetu ni wa viwanja vitano kwenye mstari mmoja, vilivyogawiwa upana sawasawa. Kila mwenye kiwanja anaamini usiku na mchana kwamba jirani amemla. Mimi nitaongea nao, wewe utapima, na tutagawana nusu kwa nusu. Mdomo wangu, miguu mitatu ya mashine yako."

"Wewe unakaa kiwanja kipi?"

"Cha mwisho, kinachopakana na mtaro."

"Na katikati ya viwanja kuna kuta?"

"Kuta za nini? Tuna ua wa michongoma. Wangu ndio mzuri kuliko zote, nautunza kwa mkono wangu mwenyewe."

"Unaupogoa pande zote mbili?"

"Upande wangu tu, dada. Upande wa pili ni wa jirani, nitamwingiliaje?"

Mpimaji alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko jibu lile lilivyostahili. Halafu akavaa miwani.

"Nimekubali," alisema. "Kwa sharti moja. Nikipima, napima mstari mzima, toka jiwe la mwanzo hadi jiwe la mwisho. Siwezi kupima kiwanja kimoja katikati nikaacha vingine."

"Mstari mzima!" Mshauri alisimama akampa mkono. Mstari mzima maana yake ni wateja wanne kwa mpigo. "Ndiyo maana nikakupenda tangu mlangoni."

Aliwahesabu majirani zake kwa vidole akishuka ngazi: mwenye duka, mwalimu mstaafu, seremala, mama mkwe. Wanne. Alirudia hesabu mara mbili, akaikuta sahihi kila mara, na kwa kweli hakuna aliyefundishwa kuhesabu angeweza kumkosoa, isipokuwa kwa jambo moja dogo ambalo halikuwa na kidole.

Inafaa kusema neno kuhusu ule ua. Mchongoma ni mti mvumilivu. Ukiukata upande mmoja, haugombi. Unaota upande mwingine. Mshauri, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akibeba ndoo wala kushika nyundo, alikuwa na kazi moja ya nyumbani aliyoipenda kwa dhati. Kila mvua zilipoisha alitoka na mkasi mkubwa, akaukata ua upande wake hadi kwenye mifupa, akang'oa visiki, akafagia. Ua ukaota kuelekea kwa mama mkwe. Mwaka uliofuata akafanya vilevile. Mama mkwe alipoona miiba inamkaribia, naye akakata ua wake wa upande wa pili, ukaota kuelekea kwa seremala. Seremala akaukata wake, ukaenda kwa mwalimu. Mwalimu akaukata wake kwa adabu, ukaenda kwa mwenye duka. Mtaa ukasifika kwa usafi. Lakini hakuna aliyekata kwa bidii kama Mshauri, na siku moja alipoona uwanja wake una nafasi ya kutosha, alimjengea mke wake saluni. Hakuita jambo hilo wizi. Wala hakuliita kitu chochote. Ni usafi, na mtu mwenye akili haweki usafi kwenye mahesabu.

Alianza na mwenye duka, mtu mkono birika ambaye hata salamu aliitoa kwa vipimo.

"Nina siri ambayo sijamwambia mtu," Mshauri alisema, akiegemea kaunta.

"Basi na mimi usiniambie."

"Una haki. Nitamwambia Mwalimu."

"Hebu ngoja," alisema mwenye duka.

"Unajua kwa nini gari la mizigo haligeuki hapo nyuma kwako?"

"Dereva ni mjinga."

"Dereva hana kosa. Uwanja umeliwa. Na sisemi umeliwa na nani, ila ukigeuka utamwona."

Mwenye duka akageuka. Upande wa pili wa ua, mwalimu mstaafu alikuwa akimwagilia maua. Mwenye duka aliutazama ule umwagiliaji na kuona ndani yake uovu wa miaka mingi.

"Nimeleta mpimaji hodari," Mshauri alinong'ona. "Hatozi kupima. Analipwa kwa hatua atakayokurudishia tu. Usiporudishiwa, hulipi. Ila kuna pesa kidogo ya kigingi, hiyo unanipa mimi sasa hivi, ili akufikirie wa kwanza."

Pesa ya kigingi ilikuwa nyongeza ya Mshauri mwenyewe, na mpimaji hakusumbuliwa na habari zake. Mwenye duka aliitoa kama mtu anayeng'olewa jino.

Mwalimu alikuwa mgumu zaidi. "Bwana mdogo," alisema, "mimi si mtu wa tamaa."

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana wamechagua upande wako."

"Akina nani?"

"Majina sitaji. Ila mmoja anatumia randa."

Mwalimu aliingia ndani kwa heshima yake yote kutafuta pochi.

Seremala alikubali kabla hadithi haijaisha. "Nilijua!" alisema. "Yule mama ni mpole, lakini ana mkwe mjanja."

"Sana," Mshauri alikubali, akiweka pesa mfukoni.

Mama mkwe alimsikiliza akiwa kwenye kigoda chake mlangoni, mkono shavuni. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, ambaye tangu siku ya posa alimtazama Mshauri kwa jicho la pembe na hakuona sababu ya kulinyoosha.

"Kwa hiyo mimi nimeliwa," alisema.

"Umeliwa, mama."

"Na seremala."

"Na seremala, mama."

"Na upande wa pili je?"

"Upande wa pili ni mimi, mama!"

"Ndiyo maana nauliza, mkwe."

Mshauri alicheka sana ili kuonyesha kwamba huo ulikuwa utani. Mama mkwe alimwacha acheke hadi akamaliza.

"Na wewe utapimwa?"

"Bure kabisa. Kwa heshima ya mtaa."

"Haya," alisema mama mkwe, akalifungua pindo la khanga alimofunga pesa. "Nataka kuliona jambo hili."

Siku ya kupima mtaa mzima ulitoka nje. Mpimaji alifika na sanduku la njano na mzigo wa vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu vichwani. Alisimamisha mashine kwenye miguu yake mitatu karibu na duka, akatazama, akaandika, akatembea hadi mtaroni, akatazama, akaandika, na wakati wote huo hakusema neno. Watu walimwogopa kidogo. Mshauri alijivunia kana kwamba amemzaa.

Hata hivyo kulikuwa na jambo moja lililomkosesha raha. Aliwajua majirani zake. Mtu akishaongezewa hatua, angeweza kusema hakuongezewa, au ilikuwa yake tangu zamani, au alipie nini kitu chake. Na aliyekasirika angeweza kung'oa kigingi. Kwa hiyo akapanda juu ya kreti la soda na kuwahutubia.

"Ndugu majirani! Kabla kigingi cha kwanza hakijasimama, tukubaliane kama watu wazima. Vipimo vitakavyotoka, tunavipokea. Kigingi kikisimama, kimesimama. Hakuna kulia, hakuna kurudi nyuma, hakuna kwenda kwa mkubwa yeyote. Anayekubali ainue mkono, na mimi nitakuwa wa kwanza."

Akainua mkono juu kabisa, vidole vimetanuka. Mwenye duka akainua, mwalimu akainua, seremala akainua na nyundo ndani yake. Mama mkwe aliinua wake taratibu, akiangalia ule wa Mshauri. Mke wa Mshauri alitokeza mlangoni mwa saluni, taulo begani, nyuma yake mteja aliyesukwa nusu kichwa.

"Tunakubali nini?" aliuliza.

"Inua tu, mke wangu. Paa hilo!"

Akainua.

"Asante," alisema mpimaji kwa sauti yake ya chini. Ilibidi watu wasogee kumsikia. "Mawe mawili makubwa ya mwanzo bado yapo, moja hapa dukani, moja kule mtaroni, na hayajaguswa. Umbali kati yake ni uleule ulio kwenye ramani. Katikati kulikuwa na mawe madogo, hayo siyaoni, yamemezwa na ua. Nitayarudisha mahali pake. Naanza na duka."

Alipima, akatembea, akaupita ua, na kigingi cha kwanza akakisimamisha hatua moja ndani ya uwanja wa mwalimu, katikati ya maua.

"Hatua moja ni ya kwako," alimwambia mwenye duka.

Mwenye duka alitabasamu. Wateja wake wa miaka mingi walitazamana. Hawakuwa wamejua kwamba ana meno upande ule.

"Huu ni unyang'anyi!" Mwalimu alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyeliwa, halafu mimi ndiye ninayepunguzwa? Bwana mdogo!"

"Subira, Mwalimu," alisema Mshauri. "Una pande mbili."

Na kweli, kigingi cha pili kilisimama hatua mbili ndani kwa seremala. Mwalimu alihesabu midomo ikitikisika: moja imetoka, mbili zimeingia. Uso wake ukarudi mahali pake. "Ndiyo," alisema, "vipimo lazima vipokelewe. Tuliapa."

Seremala alikuwa tayari ameanza kutukana. Kigingi cha tatu kikasimama hatua tatu ndani kwa mama mkwe, akayameza matusi yaliyobaki na kukohoa. Watu sasa walikuwa wameujua mchezo. Kila kigingi kiliposimama, aliyepoteza alizomewa kwa furaha, naye akasubiri zamu yake ya kucheka. Mshauri alipiga makofi kuliko wote. Hatua moja, nyingine, nyingine. Kila mtu alikuwa ameongezewa hatua moja safi, na nusu ya kila hatua ilikuwa yake. Aliliona paa jipya likimeremeta. Aliona hata na mifereji ya maji.

"Sasa mama," alisema mpimaji.

Akaupita ua mzuri kuliko zote. Akatembea hatua nne. Hatua ya kwanza ilimfikisha kwenye ukuta wa saluni. Hatua ya pili na ya tatu ilibidi azipime ndani, akiomba radhi kwa mteja wa nusu kichwa. Hatua ya nne ikamtoa nje kupitia mlango wa pili, na hapo, mbele ya kizingiti, akapiga kigingi chenye kichwa chekundu. Saluni yote, toka kioo hadi kiti cha kukaushia, ikabaki upande wa mama mkwe.

Mtaa ukalipuka kwa kicheko. Mshauri naye akacheka, akipiga makofi, akimngojea mpimaji aendelee.

Mpimaji alikuwa anafunga mashine.

"Dada," Mshauri aliita, "bado kigingi changu cha upande wa pili."

"Upande wako wa pili kuna jiwe kubwa, kaka. Halijasogea."

"Sasa hizi hatua nne zangu zinatoka wapi?"

"Hazitoki mahali," alisema mpimaji kwa upole. "Zimekwenda. Kila mmoja wao alipungukiwa hatua moja, na zote nne zilikuwa kwako."

Kicheko kilikatika, kwa sababu kila mtu alitaka kuusikia ukimya wa Mshauri. Haukuwa umewahi kusikika mtaani pale. Alitazama ua. Alitazama kigingi. Alitazama mkono wake wa kulia, ule alioinua wa kwanza, kama mtu anayemtazama ndugu aliyemsaliti. Alikuwa ametafuta paa, akapoteza sakafu.

"Aliyepungukiwa halipi," mpimaji alimkumbusha. "Kama ulivyoniambia. Ni utu."

Wengine walilipa palepale, na mwenye duka alikuwa wa kwanza, jambo ambalo litasimuliwa miaka mingi. "Nimetoa ile ya kigingi," alisema.

"Kigingi kipi?" aliuliza mpimaji.

"Ile aliyochukua Mshauri. Alisema ni yako."

"Na mimi nilitoa," alisema mwalimu. "Na mimi," alisema seremala.

Mpimaji aligeuza miwani yake kuelekea kwa Mshauri, bila hasira yoyote. "Hakuna shida. Tutaitoa kwenye nusu yake."

Mama mkwe alilipa ya kwake bila haraka. Aliingia saluni, akakaa kwenye kiti cha kukaushia, akajaribu kama kinazunguka. Kilizunguka.

"Mama," alisema Mshauri kutoka nje ya kizingiti, maana ghafla hakujua kama anaruhusiwa kuingia, "haya ni mambo ya kifamilia, tutayamaliza kifamilia."

"Tumeshayamaliza. Hapa nampa mwanangu, kwa jina lake. Jina lake peke yake, si lake na la wajanja wake. Mpimaji aje akate kipande hiki, akiwekee vigingi vyake."

"Na nani atamlipa?"

Mke wa Mshauri alikuwa amerudi kwenye nywele za mteja wake. Hakuinua macho.

"Mume wangu, umenitoa chini ya paa bovu ukaniweka mahali pasipo na paa wala ardhi," alisema. "Wewe ndiye utakayelipa. Au mama yako bado ana kile kitanda?"

Kesho yake Mshauri alipanda tena ngazi ya pembeni mwa duka la dawa. Alipanda polepole, mfukoni ana nusu yake ya hatua nne, ikiwa imeshatolewa pesa ya vigingi. Mpimaji alimkaribisha kiti kilekile. Ile karatasi iliyopigana haikuwepo. Mahali pake palikuwa na nyingine, safi, yenye mstari mmoja: Bei ni moja, uongezewe, upunguzwe au ukutwe ulivyo.

"Ulijua," alisema Mshauri.

"Sikujua. Nilihisi. Nilipita mtaani kwenu kabla hujaja, nilikuwa natafuta wateja. Ua wote umenyolewa upande mmoja, na wa kwako ndio ulionyolewa zaidi." Alichukua penseli, akaona imechongoka, akairudisha. "Katika kazi yangu kupima ni rahisi. Kazi ngumu ni kuwapata majirani wote wasimame pamoja na wakubali. Hilo mimi sina sauti ya kulifanya. Wewe ulilifanya kwa siku moja. Ungenikatalia mstari mzima, ningekuacha uende."

"Ungeniambia!"

"Hukuniuliza bei ya ushauri, kaka."

Mshauri alikubali pigo hilo kama mtu wa kazi anavyoikubali kazi nzuri ya mwenzake. Kisha akaeleza kilichomleta: kipande cha saluni, vigingi vinne, jina la mke wake.

Mpimaji alitafakari, akaitaja bei.

Halafu akafunga mdomo.

Mshauri alikuwa fundi wa jambo hili. Yeye ndiye aliyelifundisha. Alijiweka sawa kitini, akamtazama machoni, akanyamaza kimya cha hali ya juu kabisa, kile alichokihifadhi kwa watu wakubwa. Mpimaji naye akamtazama. Hakusogeza penseli. Chini dukani mtu aliomba dawa ya minyoo, akapewa, akaondoka. Mwanga wa dirishani ulisogea kidogo mezani.

Mshauri akakohoa.

Hakuna robo iliyopungua.

"Unajua," alisema hatimaye, na palepale akajua kwamba amekwisha, lakini ulimi ulikuwa umeshashika njia, "mimi ni kama mshirika wako."

Mpimaji alimsikiliza.

"Nilikuletea mtaa mzima."

Mpimaji aliendelea kumsikiliza, kwa makini na kwa heshima.

"Sisemi kwamba bei ni kubwa. Ni haki. Kazi yako ni nzuri, nani asiyejua? Hata ukitaka leo kuja, usafiri..." Mshauri alijisikia akisema, kutoka mbali, kwa sauti ambayo haikuwa yake, "usafiri nitalipa mimi."

Alitoa zile pesa mfukoni. Zilitosha, na zilizobaki zilikuwa nauli tu. Mpimaji alimwandikia stakabadhi kwa mwandiko mzuri, akamwuliza kama angekunywa chai kidogo. Mshauri alikataa.

Mvua za mwaka ule zilipoisha saluni ilikuwa na paa jipya, alilolipia mwenye saluni, kwenye ardhi yake, ndani ya vigingi vyake vinne. Mpimaji alikuwa na foleni ngazini. Mshauri naye alikuwa bado analala nyumbani, kwa huruma ambayo kila asubuhi iliangaliwa upya. Mwalimu alipanda maua mahali pengine. Ua mpya ulipandwa kando ya kizingiti cha saluni, mahali pa kigingi chekundu, na ukaanza kuota kwa nguvu.

Asubuhi moja Mshauri aliuona umefikia magoti. Bila kuambiwa na mtu aliingia stoo, akatoka na mkasi mkubwa, akavua shati, akainama upande wake wa ua, akapima kwa jicho.

Kivuli kikamwangukia mgongoni. Mke wake alikuwa amesimama na taulo begani, na nyuma yake, kwenye kigoda kilichohamishwa kutoka mlango mmoja hadi mwingine, alikaa mama mkwe, mkono shavuni.

"Endelea, mume wangu," alisema mke wake. "Na ukimaliza hapo, zunguka. Pande zote mbili."